Mvua Huombwa Baada ya Kupatana

Mazungumzo yetu leo yanahusu kalenda ya watu ambao hawana hata nyumba moja ya ibada katika delta yetu ya mto Tana. Ni Wayahudi. Kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, majira ambayo sisi tunatazama mawingu na kuulizana kama vuli itakuja au itatupita, wao huadhimisha sikukuu zinazofuatana mfululizo, na zikishakwisha huanza upya kusoma Torati tangu mstari wa kwanza. Jumamosi ya kwanza tu ya kisomo hicho wanakutana na ndugu wawili, mmoja mkulima na mwenzake mfugaji, na kabla kisomo hakijaisha mmoja amemwua mwenzake kondeni.

Jumamosi ya pili wanasoma habari za gharika. Ya tatu, wachungaji wa Ibrahimu na wachungaji wa Lutu wanagombania malisho. Ya nne kuna kiapo juu ya kisima kilichonyang'anywa. Ya sita visima vinafukiwa kwa udongo, na ya saba kuna jiwe zito juu ya mdomo wa kisima, na wachungaji wameketi wakingoja wenzao wafike. Ukihesabu, hiyo ni Oktoba na Novemba, vuli yenyewe. Mtu wa delta hahitaji mwalimu wa kumweleza habari hizo zinahusu nini.

Najua pia kwamba jina la Wayahudi likitajwa siku hizi, mioyo ya wengi wetu huenda moja kwa moja Gaza, na kwamba Oktoba 7, 2023, siku damu ilipoanza kumwagika, kule Israeli ilikuwa ndiyo siku ya kumaliza Torati na kuianza upya. Uchungu huo ni wa kweli na siupiti juu juu. Mengi ninayoyaleta leo ni mafundisho ya marabi walioishi zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na nayaleta kwa sababu yanatufaa sisi, kwenye mto wetu.

Wala hawa si watu wa mbali sana. Nairobi, pale barabara ya University Way inapokutana na Uhuru Highway, kuna sinagogi la jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1904. Ukivuka mpaka ukafika Mbale nchini Uganda utawakuta Abayudaya, Waafrika walioishika dini hiyo tangu mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, wakaishikilia hata Idi Amin alipoipiga marufuku. Wote hao, wa Nairobi na wa Mbale, husoma kisomo kile kile katika juma lile lile.

Nianze na namna wanavyosoma. Torati, ambayo ndugu zetu Waislamu huiita Taurati, ni vile vitabu vitano vya Musa. Wameigawa katika visomo 54, na huisoma yote ndani ya mwaka mmoja. Haisomwi katika kitabu cha kawaida. Husomwa katika gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, lisilo na alama za irabu. Msomaji lazima awe amejifunza kisomo chake nyumbani, maana akilitamka neno vibaya likabadili maana, waliomzunguka humkatiza kwa sauti na kumrudisha nyuma mpaka alitamke sawa. Hakuna haya katika kusahihishwa mbele ya watu. Siku ya Sabato huitwa watu saba mmoja baada ya mwingine kusimama mbele ya gombo, kwa hiyo kisomo hakiwi mali ya mtu mmoja mwenye sauti nzuri.

Mbali na Sabato, husomwa kidogo pia Jumatatu na Alhamisi, na hapo pana jambo linalonigusa. Mapokeo yao yanasema ni Ezra aliyeweka siku hizo, kwa sababu zilikuwa siku za soko: watu wa vijijini walikuwa wameshuka mjini na mizigo yao, kwa nini waondoke bila kusikia neno? Na wanaeleza pia habari ya wana wa Israeli waliotembea jangwani siku tatu bila kupata maji. Marabi wakasema maji hayo ni Torati, na kwamba mtu asipitishe siku tatu bila kuinywa. Aliyesema hivyo alikuwa ameona ng'ombe wa siku ya tatu, yule ambaye mchungaji hampigi tena fimbo kwa sababu anajua hatainuka.

Huyo Ezra ndiye aliyewasomea watu Torati katika uwanja mbele ya Lango la Maji kule Yerusalemu, kama Nehemia anavyosimulia, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, kuanzia mapambazuko mpaka adhuhuri, wanaume na wanawake pamoja. Watu walipoyasikia maneno wakalia. Wakaambiwa wasilie, waende wakale, na wasiokuwa na kitu wapelekewe sehemu yao. Kesho yake wakakuta imeandikwa kwamba mwezi huo wanapaswa kukaa vibandani, nao wakapanda mlimani kukata matawi. Tangu hapo kisomo na sikukuu za mwezi wa saba haviachani.

Sasa nisikilizeni vizuri katika mpangilio wa sikukuu zenyewe, maana hilo ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti jioni hii. Mwezi wa Eluli, unaoangukia Agosti na Septemba, ni mwezi mzima wa kujitengeneza. Kila asubuhi isipokuwa Sabato hupulizwa baragumu la pembe ya kondoo dume. Unafuata Mwaka Mpya, Rosh Hashana. Siku ya 10 ya mwaka huo ni Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, ambayo hufungwa tangu magharibi hadi usiku wa siku ya pili bila chakula wala maji. Siku tano baadaye ni Sikukuu ya Vibanda, Sukoti. Inapokwisha Sukoti, ndipo wanapoomba mvua. Halafu Torati inamalizwa na kuanzwa upya, na Kaini na Habili wanakuja. Utaona kwamba mvua imewekwa nyuma. Mbele yake pana kupatana na jirani, kisha kukaa kibandani. Mtu hafiki kwenye dua ya maji kabla hajapita huko kote.

Sisi tunafanyaje? Tunaomba mvua kwanza, misikitini na makanisani, na tunafanya vyema kuomba. Lakini vikao vya amani tunaviita tukishazika.

Jumatano Agosti 22, 2012, siku chache tu baada ya Idi, kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa Kilelengwani, watu 38, wakiwemo maafisa wa polisi. Desemba 21 ikawa Kipao. Sitasema nani alianza, mkulima au mfugaji, kwa sababu kila nyumba ina tarehe yake ya kuanzia. Nasema tu kwamba Riketa na Kilelengwani, kwa kalenda ya Kiyahudi, ziliangukia ndani ya Eluli, mwezi wa baragumu la toba. Na ilikuwa Septemba hiyo hiyo ya 2012 ambapo delta hii, hekta 163,600, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia ilikuwa inatuhesabia ndege na mikoko, na sisi tunahesabu makaburi.

Marabi wamesema nini juu ya makosa ya mtu kwa mtu? Wamesema Siku ya Upatanisho haisafishi dhambi uliyomtendea mwenzako mpaka umridhishe mwenzako huyo. Funga utakavyofunga, lia utakavyolia, faili hilo halifunguliwi mbinguni. Liko kwa jirani yako. Waislamu mnalijua fundisho la haki za waja. Wakristo mnaikumbuka amri ya kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana na ndugu kwanza. Lakini marabi waliingia ndani zaidi, wakauliza maswali ya mtu ambaye kweli anataka kwenda na hajui aende vipi. Je, akikukataa? Urudi tena, na watu watatu pamoja nawe, hata mara tatu. Je, kulipa fidia kunatosha? Hapana. Hata ukilipa kila kilichotakiwa, hujasamehewa mpaka uombe msamaha kwa kinywa chako. Na anayeombwa naye asiwe na moyo mgumu. Hilo walilijifunza kwa Ibrahimu, aliyemwombea mfalme Abimeleki baada ya Abimeleki kumkosea.

Je, uliyemkosea akiwa amekufa? Jibu lao ni hili: chukua watu 10, uende nao mpaka kaburini, usimame hapo useme umemkosea Mungu na umemkosea mtu huyu, na utaje ulilomtendea. Watu 10, msikilizaji. Si mbele ya kamera, si mbele ya mheshimiwa aliyekuja na helikopta. Watu 10 wanaokujua, kwenye kaburi linalojulikana, na jambo lenyewe linatajwa kwa jina lake. Tangu 2012 tumekuwa na tume, warsha, makongamano na mbio za amani, na nyingi zimesaidia. Hilo la watu 10 kaburini bado sijalisikia likifanyika, na naamini kuna watu katika delta hii, pande zote mbili, ambao wangekwenda kama wangepata wa kufuatana nao.

Kuna mwanachuoni wao, Musa bin Maimun, mganga aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, aliyeandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Yeye alieleza toba kamili ni ya nani: ni ya mtu aliyejikuta tena katika jambo lile lile, nafasi ipo na nguvu anazo, akajizuia. Kwa hiyo toba yetu haipimwi kwenye mkutano wa hadhara. Inapimwa Agosti ijayo, pale malka, ile njia ya mifugo kushukia mtoni kati ya mashamba, wakati ng'ombe kutoka Garissa na Ijara wameshafika, mpunga uko shambani, na mtoto amekuja mbio kusema njia imezibwa au mifugo imeingia kondeni.

Nirudi kwenye Mwaka Mpya, maana siku yake ya kwanza ina kisomo ambacho wengi hamngekitarajia. Siku ya kwanza kabisa ya mwaka, Wayahudi husikiliza habari za Hajiri, mama wa Ishmaeli: kufukuzwa kwake, maji kuisha katika kiriba, mtoto kuwekwa chini ya kichaka, na mama kwenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Kisha Mungu anaisikia sauti ya mtoto pale alipo, na mama anaonyeshwa kisima. Simulizi ya Safa na Marwa na Zamzam mnaijua nyinyi Waislamu kwa njia yenu. Wafafanuzi wa kale wa Kiyahudi walisimama juu ya maneno hayo, “pale alipo”. Wakasimulia kwamba malaika walimshitaki mtoto kwa mabaya ambayo wazao wake wangekuja kuyatenda baadaye, wakapinga asipewe maji. Mungu akawauliza mtoto huyu kwa saa hii ni mwema au mwovu. Wakakubali kwamba ni mwema. Basi akahukumiwa kwa hali yake ya saa hiyo, akanywa.

Walioandika hivyo walikuwa wazao wa Isaka, wakimzungumzia mtoto wa upande wa pili. Nawaachia wazazi wa Kipokomo, wa Kiorma na wa Kiwardei mlifikirie pamoja na watoto wenu, hasa wale waliozaliwa baada ya 2012 na tayari wameshaambiwa ni wa upande gani.

Na alasiri ya Siku ya Upatanisho husomwa kitabu kizima cha Yona, Nabii Yunus. Wafugaji, hiki ni chenu. Watu wa Ninawi walipotubu waliwafungisha mpaka ng'ombe na kondoo, wasile wala wasinywe maji. Na kitabu kinapofika mwisho, Mungu anamwambia nabii sababu za kuuhurumia mji ule: kuna watu wengi mno wasiojua lolote, na kuna mifugo mingi. Maneno ya mwisho kabisa ya kitabu ni mifugo mingi. Ng'ombe aliyekatwa kwa panga malka amekwisha kutajwa mbele za Mungu katika siku kuu kuliko zote ya mwaka wao.

Haya, tuje vibandani. Kwa siku saba Myahudi hutoka katika nyumba yake, akala, na akiweza akalala, katika kibanda. Sheria za kibanda hicho zingewafurahisha mafundi wetu. Paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kikakatwa: matawi, matete, makuti. Bati halifai, turubai halifai. Kivuli kizidi jua, lakini paa lisizibwe kabisa. Inapendeza usiku mtu aone nyota. Marabi wakaulizana kuhusu jamvi. Lililosukwa kwa kulalia halifai kuezekea, lililosukwa kwa kutia kivuli linafaa, hata kama yote mawili ni ya matete yale yale. Wakaulizana juu ya kibanda kilichojengwa chomboni, wakakubali kwamba kinafaa, na wakasimulia kwamba Rabi Akiba alikijenga kibanda chake kwenye omo ya merikebu, asubuhi upepo ukakichukua, na mwenzake Gamalieli akamwuliza kiko wapi. Mvua ikinyesha, mtu anaruhusiwa kuingia ndani lini? Uji ukianza kuharibika kwa maji yanayodondokea bakulini.

Mama wa Kiorma anayejenga nyumba ya duara kwa fito na nyasi, akaibomoa na kuipakia mifugo inapohama, ameyaishi haya yote tangu utoto. Lakini tusichanganye mambo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwatoa watu wa kaunti hii majumbani na kuwaweka chini ya maturubai kwenye ardhi ya juu, kwa muda mrefu kuliko siku saba. Mtu huyo hasherehekei kitu. Kibanda cha Sukoti ni fundisho kwa mwenye nyumba ya mawe, aonje kidogo maisha ya asiye nayo, na ndiyo maana Torati inaamuru kwamba katika furaha ya sikukuu hiyo wawepo pia mgeni, yatima na mjane. Wenye nyumba za ghorofa Minjila na Malindi wanaouza bati na saruji wakati wa mafuriko, fundisho hilo ni lao kabla halijawa la mtu wa kambini.

Marabi wanasema dunia huhukumiwa mara nne kwa mwaka, na katika Sikukuu ya Vibanda huhukumiwa kwa maji. Enzi za Hekalu, makuhani walichota maji katika birika la Siloamu wakayamimina juu ya madhabahu kwa shangwe kubwa. Walitoa pia mafahali 70 katika siku saba, na wafafanuzi wakasema ni kwa ajili ya mataifa 70 ya dunia. Maana yake mvua haikuombwa kwa kabila moja.

Lakini kuna jambo dogo ambalo mimi, mtu wa barabara ya Garsen, nalipenda kuliko mafahali wote. Baada ya sikukuu, wahujaji walikuwa njiani wakirudi kwao, na wa mbali kabisa walikuwa wa ng'ambo ya mto Frati. Basi sheria ikawekwa kwamba katika nchi ya Israeli dua ya kutaka mvua inyeshe ianze siku 15 baada ya sikukuu, ili msafiri wa mwisho awe ameshaufikia mto. Fikiria: nchi nzima ina kiu, mashamba yanangoja, na dua inacheleweshwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye punda wake ambaye hajafika. Sisi tuliosubiri siku nzima pale Gamba barabara ya Lamu ikiwa imekatika, sisi tuliosikia Aprili 2024 basi limesombwa karibu na Madogo na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa kwa mashua, tunaelewa uzito wake.

Upande wa pili, kuhani mkuu katika Siku ya Upatanisho aliomba dua fupi, na ndani yake aliomba Mungu asizisikilize dua za wasafiri wanaotaka mvua isinyeshe, wakati dunia inaihitaji. Ukizitazama hizo mbili utaona zinavutana. Moja inamsubiri msafiri, nyingine inamzuia msafiri asiwanyime wengine. Marabi wakaziacha zote mbili. Nadhani walijua kwamba maji siku zote yana watu wawili wenye haki, na kwamba kazi ni kupanga siku, nani kwanza na nani baadaye.

Nao waliijua hofu yetu nyingine. Wanasimulia juu ya Honi, mcha Mungu aliyechora duara ardhini, akasimama ndani, akaapa hatoki mpaka mvua inyeshe. Ikanyesha manyunyu, akasema hayo siyo. Ikanyesha kwa ghadhabu, akasema hiyo siyo. Kisha ikanyesha vizuri, lakini haikukoma, mpaka watu wakapanda kilima cha Hekalu kuyakimbia maji, wakamrudia kumsihi aombe iondoke. Naye akamwambia Mungu kwamba watu hawa hawawezi kustahimili heri ikizidi wala ghadhabu ikizidi. Hapa kwetu mambo ni magumu zaidi ya kwa Honi, kwa sababu mvua inayotuzamisha mara nyingi hainyeshi kwetu. Inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, inajaza mabwawa ya Masinga mpaka Kiambere, na sisi tunaona mto umepanda chini ya jua kali.

Sasa Kaini na Habili, Kabili na Habili kwa Waislamu. Naomba mtu asikimbilie kuona nani ni nani. Torati haisemi waligombana kwa neno gani; inasema tu kwamba Kaini alisema na nduguye, kisha wakawa kondeni. Wafafanuzi wakajaza pengo. Wakasema ndugu hao waliamua kugawana dunia: mmoja achukue ardhi, mwingine achukue vyote vinavyohamishika. Mara mwenye ardhi akamwambia mwenzake ondoka, unasimama juu ya ardhi yangu. Mwenye mali ya kuhamishika akamjibu vua, umevaa sufi yangu. Huyu anasema ruka hewani, yule anasema kaa uchi. Mgawanyo wenyewe ulikuwa wa haki, umekubaliwa na wote wawili, na uliua mtu. Tumeshauona mpango wa namna hiyo: ardhi yote hii ya hawa kwa hati, mifugo yote ya wale, na hakuna aliyeandika ng'ombe atapita wapi.

Kisomo cha juma la tatu kina jambo hilo hilo kwa undani. Wafafanuzi wanasema ng'ombe wa Ibrahimu walitoka malishoni wamefungwa midomo, wasile kwenye mashamba ya watu njiani. Ng'ombe wa Lutu hawakufungwa. Wachungaji wa Ibrahimu wakauliza kama unyang'anyi umehalalishwa. Wale wa Lutu wakawa na jibu la kisiasa kabisa: Mungu amemwahidi Ibrahimu nchi hii, Ibrahimu hana mtoto, kesho mrithi ni Lutu, kwa hiyo wanyama wanakula mali yao. Wafafanuzi wakajibu kwamba katika mstari huo huo imeandikwa wenyeji walikuwa bado wamekaa katika nchi. Ahadi haijawa hati. Ni haki niseme pia kwamba marabi waliwaegemea wakulima, wakakataza kufuga mbuzi na kondoo katika maeneo ya mashamba ya Israeli na kuruhusu jangwani. Mfugaji akisikia hivyo atanuna, na ana sababu, maana jangwani ndiko hakuna maji. Na Ibrahimu na Lutu walimaliza kwa kutengana, mmoja kulia na mwingine kushoto. Wao walikuwa na nchi iliyo wazi. Sisi mto ni mmoja.

Ndiyo maana namtegemea zaidi Isaka, wa juma la sita. Yeye alipanda akavuna mara mia, na papo hapo alikuwa na makundi ya kondoo na ng'ombe. Alikuwa mkulima na mfugaji katika mtu mmoja. Wakamwonea wivu, wakavifukia visima vya baba yake. Akachimba kingine, wakakigombea, akakiita Ugomvi. Akachimba cha pili, wakakigombea nacho, akakiita Uadui. Cha tatu hawakukigombea, akakiita Nafasi. Kisha Abimeleki aliyemfukuza akaja kwake na jemadari wake. Isaka akawauliza kwa uwazi kwa nini wamekuja, na hali walimchukia. Wakaomba kiapo. Akawapikia wakala, wakalala, asubuhi wakaapiana, wakaondoka kwa amani. Na siku hiyo hiyo, Torati inasema, watumishi wake wakaja wakamwambia wameona maji.

Wazee wa Gasa wa Kipokomo na wazee wa Matadheda wa Kiorma, nyinyi mmekuwa mkipatanisha watu wa mto huu tangu kabla ya wilaya na kaunti. Ombi langu ni la tarehe. Kikao kiwe Julai, au Agosti mapema, kabla makundi hayajashuka na kabla mpunga haujatia masuke. Malka zitembelewe kwa miguu, pande zote mbili zikiwepo, na kila moja itajwe kwa jina: hii iko wazi, hii imelimwa, hii imezibwa tangu mto ulipohama. Ikubaliwe shamba likiliwa nani anaitwa kutathmini na analipwa ndani ya siku ngapi, na ng'ombe akikatwa vivyo hivyo.

Simu za studio ziko wazi mpaka saa tatu. Leo sipokei hotuba. Anayepiga kutoka Idsowe, Oda, Wema, Dide Waride au Kipao, aniambie malka ya kwenu inaitwaje, na kama leo hii ng'ombe wanaweza kupita.